Kisu Nilichomwahidi Mkwe

Katika ukoo wetu hapa Masama, mbuzi wa Krismasi hachinjwi kama wanavyochinja buchani. Anazibwa pumzi. Wanaume wanamlaza juu ya majani ya mgomba, mmoja anakalia miguu, mwingine anamshika mdomo na pua mpaka atulie. Ndipo anapasuliwa, na damu inakingwa kwenye sufuria isipotee hata tone, maana ndiyo ya kupikia kisusio, ule mchuzi wa damu ambao wazee wakiukosa wanaona hawakualikwa. Familia nyingi za mlimani zimeacha mambo hayo. Sisi hatukuacha, na mwenye kushika pumzi ni kaka yangu, kwa kuwa ndiye mkubwa wetu kati ya tuliobaki.

Nayasema haya kwanza kwa sababu yote yaliyonipata Krismasi iliyopita yalitoka hapo. Kilichobaki kilitoka kwenye ulimi wangu.

Binti yangu wa pili ameolewa Moshi na fundi makochi, Mwislamu, kijana wa familia ya mjini ambayo ukiwauliza kabila watakutajia manne. Wanaishi Shirimatunda. Ukipata gari bila kungoja, kutoka kwangu hadi kwao ni safari ya kwenda na kurudi kabla ng'ombe hajakamuliwa mara ya pili. Lakini kwa miaka mingi binti huyo hakukanyaga kwangu, na aliyemzuia ni mimi. Wazee wa upande wa kijana walipokuja kuposa niliwaacha wamesimama uani. Sikuwapa hata kigoda. Niliwaambia kwamba binti wa mzee wa kanisa haendi kuolewa huko, nikaingia ndani. Wakafunga ndoa bomani. Mke wangu aliniaga siku ile kwamba anakwenda sokoni, akiwa amevaa kitenge chake cha sikukuu, nami nikamwitikia nenda salama.

Mjukuu alipozaliwa, mke wangu akawa anashuka kumwona na mkungu wa ndizi na chupa ya maziwa. Alikuwa akirudi na picha kwenye simu. Hakunionyesha. Aliiacha simu mezani ikiwa inawaka, akaenda jikoni, nami nikaitazama mpaka ikazima yenyewe. Sijui jinsi ya kuiwasha tena bila kumwita, na kumwita sikuweza.

Mwaka jana nilichoka. Sikuwa na ugonjwa wala sikuota ndoto yoyote. Nilikuwa shambani kwenye kahawa nikipalilia, nikafikiri kwamba mtoto yule ataanza shule bila kuijua sauti yangu. Nikarudi nyumbani nikamwambia mke wangu nataka waje wote Krismasi, tukae, tule.

"Vizuri," akasema.

"Basi mwambie."

"Simu ile pale."

"Wewe ndiye unayezungumza naye."

"Mimi sikumfukuza mtu, mzee."

Nikapiga. Binti yangu alipopokea alisema "Mama?" kwa sababu namba ilikuwa ya mama yake. Nikasema ni mimi. Nikasema nilichotaka kusema, na nadhani nilikisema vibaya, kwa haraka, kama mtu anayesoma matangazo ya usharika. Akaniuliza kama mama yupo mzima. Nikamwambia yupo mzima, ni mimi ninayetaka waje.

"Tutakuja, Baba," akasema mwishoni. "Ila mume wangu hali nyama ya kuzibwa pumzi. Kwao hicho ni kibudu. Kama ni shida sema tu, tutakula ndizi na maharage, hatuna neno."

"Hakuna shida. Nitampa kisu achinje mwenyewe."

"Kweli, Baba?"

"Mbele ya ukoo wote," nikasema.

Hilo la ukoo wote hakuna aliyeniomba. Niliongeza mwenyewe, kwa furaha.

Baada ya hapo niliandaa Krismasi kama sijawahi kuandaa hata arusi. Beberu nilikuwa naye zizini, nimemnenepesha kwa majani na maganda ya ndizi mpaka mgongo ukawa kama meza. Nilikata majani makavu ya migomba, nikapunguza ua wa masale wa mpakani, nikapaka chokaa ukuta wa mbele. Niliazima viti vya usharika na turubai. Mke wangu na mke wa kaka walichemsha ndizi za mbege, pombe yetu, wakaziacha zikae, wakasaga ulezi. Nilialika majirani wa pande zote, wenzangu wa kwaya ya wazee, na binamu wanaopanda kutoka Dar kila mwaka na magari yao yanayoziba barabara. Nilitaka wote wamwone mkwe wangu akipewa kisu.

Jambo moja tu halikufanyika. Sikumwambia kaka.

Kila siku nililipangia siku nyingine. Kazi ile ni yake tangu baba alipofariki. Kumwambia mwaka huu utakaa pembeni, kisu ninampa mkwe, tena mkwe yule yule niliyeapa mbele yako kwamba hataingia hapa, ilikuwa ni kumwambia kwamba nilikosea. Kaka ni mtu wa kucheka. Niliogopa kicheko chake kuliko nilivyowahi kuogopa fimbo ya baba.

Siku ya mkesha akaja kuonja mbege na kumtazama beberu. Akampapasa mgongo.

"Huyu kesho atanitoa jasho."

"Kaka, kuhusu kesho," nikasema.

"Eeh."

"Kesho tusubiri kidogo."

"Tusubiri nini? Beberu naye ana ndugu anayetoka Dar?"

Mke wake akacheka, na mimi nikacheka. Mke wangu hakucheka. Alikuwa mlangoni mwa jiko na upawa mkononi, ananitazama.

"Tusubiri ibada iishe," nikasema.

"Ibada ni yako, mzee wa kanisa. Mimi nasali leo jioni, kesho nina kazi." Akamaliza kata yake, akafuta mdomo, akaondoka akiimba.

"Umemwambia?" mke wangu akaniuliza.

"Nimemwambia tusubiri."

"Sikukuuliza hilo," akasema, akarudi jikoni.

Asubuhi ya Krismasi tulikwenda ibada ya kwanza. Watoto waliimba, nikalia kidogo, na jirani yangu akadhani ni roho. Binti yangu alikuwa ameahidi kufika kabla ya mchana. Tulipokuwa tunarudi kwa miguu, bado tuko chini ya kilima, niliona moshi nyuma ya nyumba yangu. Mke wangu naye aliuona. Tulikaza mwendo.

Beberu alikuwa ananing'inia kwenye mparachichi, ameshachunwa. Ngozi imetandazwa. Kaka amekunja mikono ya shati mpaka juu ya viwiko, na wanawe wawili wanaosha utumbo. Sufuria ya kisusio iko motoni tayari.

"Tumekupunguzia kazi, mdogo wangu," akasema. "Wewe umekwenda kutuombea, sisi tumefanya kazi. Njoo uonje ini."

Nilikula ini. Hilo ndilo nililofanya. Mtu alinipa kipande cha ini kwenye ncha ya kijiti, nikakila, nikasema ahsante.

Nilimfuata mke wangu jikoni. Alikuwa amekaa kwenye kigoda na koti lake la kanisani bado limefungwa vifungo.

"Kuna jogoo," akasema kwa sauti ya chini. "Yule mwekundu. Wakifika, mwambie mkwe ukweli, mpe kisu, amchinje jogoo. Mimi nitampika kwenye sufuria mpya peke yake. Haitachukua muda."

"Mkwe anakuja mara ya kwanza apewe jogoo, na mbuzi mzima ananukia uani?"

"Apewe ukweli na jogoo."

"Na kaka nitamwambia nini?"

"Mwambie ulichopaswa kumwambia jana."

Alikuwa sahihi, na nilijua yuko sahihi nikiwa bado nimesimama pale. Lakini nilitoka nikaenda kutafuta mbuzi. Nilipanda kwa jirani wa juu na suti yangu. Mbuzi wao alikuwa ameshakuwa nyama. Wa pili vivyo hivyo. Wa tatu ni mama mjane, naye alikuwa na mbuzi mmoja jike mwenye mimba. Nilimsihi aniuzie.

"Mzee, wewe si umealika watu?" akaniuliza. "Leo ndiyo unakumbuka mbuzi?"

"Nina shida, mama."

"Ana watoto tumboni huyu. Nenda kwako ukale, Krismasi hii." Akanishika mkono kwa huruma, akidhani mbege imeniwahi.

Niliposhuka nilikuta pikapu ndogo ya kubebea makochi imesimama langoni. Walikuwa wameshafika. Binti yangu alikuwa amekumbatiana na mama yake, na mtoto, msichana mdogo mwenye nywele zilizosukwa upya, alikuwa anamtazama ng'ombe kupitia nafasi ya mbao. Mkwe wangu alinijia mbio, akainama.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Karibu. Karibu sana."

Alikuwa na kitu kwapani, kimefungwa kwenye kitambaa cheupe. Akakifungua kidogo nione. "Nimekuja na changu," akasema, "nisikusumbue kutafuta. Nimekinoa jana mpaka mke wangu akaniambia utakimaliza."

Alikuwa anatabasamu. Watu wa mjini wana aibu ya namna yao wanapokuja mlimani, na yeye aibu yake ilikuwa imetulia kwenye kile kisu. Alikuwa ameambiwa atakuwa na kazi. Mke wangu alinitazama juu ya bega la binti yetu. Bado kulikuwa na nafasi. Ilikuwa ni sentensi moja.

"Tumeshachinja," nikasema. "Tuliona mtachelewa kwa foleni ya magari. Tukamwita kijana mmoja Mwislamu, wa huku chini, akatuchinjia mapema."

"Amechinja vizuri?"

"Kwa kisomo chote."

"Alhamdulillahi," akasema. Akakifunga kisu tena kwenye kitambaa, taratibu, akakirudisha kwenye gari. Sidhani kama alinishuku. Nilichokiona usoni mwake kilikuwa tu cha mtu aliyejiandaa kusaidia, akakuta kazi imekwisha.

Mke wangu alikwenda jikoni, wala hakunitazama tena siku nzima.

Unaweza kuuliza kwa nini hata hapo sikumvuta kaka pembeni nikamwambia afiche alichofanya. Nilijiuliza hilo usiku na mchana kwa miezi. Jibu ni kwamba ningelazimika kumwambia mambo mawili badala ya moja, kwamba nilimficha, na kwamba sasa nimedanganya. Nilitumaini tu. Nilijisemea kaka atakuwa na wazee wenzake, mkwe atakuwa na vijana, chakula kitakwisha, jua litatua.

Watu walijaa. Walisalimiana, wakakaa kwenye viti vya usharika, mbege ikazunguka, mkwe na mtoto wakapewa soda. Binamu wa Dar walimuuliza mkwe bei ya makochi, akawajibu kwa utani, wakampenda. Mjukuu wangu alikuja akasimama mbele yangu, akaniamkia kwa kuweka mkono kichwani kwake kama wafanyavyo watoto wa mjini, kisha akaniuliza kama ng'ombe ni wangu. Nikamwambia ni wake. Akaenda kumwambia mama yake. Nilimwona binti yangu akicheka, na kwa muda huo mfupi niliamini nimepona.

Mtori uliandaliwa, na kiburu cha ndizi na maharage, na ndizi za nyama, na nyama ya kuchoma ikaletwa kwenye majani. Kwetu kila sehemu ya mbuzi ina mwenyewe. Kidari ni cha mkubwa, yaani kaka. Kaka akasimama na kidari mkononi, kinatiririka mafuta, akapita katikati ya viti mpaka alipokaa mkwe wangu.

"Hiki ni changu," akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia. "Tangu baba afe sijampa mtu. Leo nampa mkwe wetu, maana mdogo wangu aliwasimamisha wazee wake uani, na mimi nilikuwepo nikanyamaza. Kula, baba."

Watu wakapiga makofi. Mkwe wangu alisimama, akapokea kwa mikono miwili. Alikata kipande, akatia mdomoni, akatafuna. Macho yake yalikuwa yamelowa.

Kaka akakaa karibu naye, amefurahi. "Usimwone hivi," akasema. "Alikuwa na nguvu beberu huyu. Nilimshika pumzi leo asubuhi mpaka mkono ukafa ganzi. Muulize mwanangu. Nilimwambia, kalia miguu, huyu hataki kufa Krismasi."

Wanawe wakacheka. Mkwe wangu hakucheka. Alikuwa ameacha kutafuna.

"Ulimshika pumzi wewe, baba mkubwa?" akauliza, kwa heshima.

"Nani mwingine? Tangu lini hapa anashika mtu mwingine?"

Mkwe wangu aliweka kidari juu ya jani, taratibu, kisionekane kimetupwa. Akasimama akaenda nyuma ya migomba. Sote tulimsikia akitema, akisukutua maji, akitema tena. Binti yangu alibaki amekaa. Hakuwa anamtazama mumewe. Alikuwa ananitazama mimi, kama vile alikuwa anangoja jambo hili tangu walipotoka Shirimatunda, na sasa limefika hana haja ya kungoja tena.

"Nini?" kaka akauliza. "Nyama haijaiva?"

Ilibidi nimjibu mimi. Nilisimama mbele ya ukoo wote nikasema kwamba nilimwahidi mkwe achinje mwenyewe, kwamba sikumwambia kaka, na kwamba mkwe alipofika nilimdanganya. Nilisema kwa ufupi. Hata vijana wa Dar waliweka simu chini.

Kaka alinigeukia. Sikuona hasira usoni mwake.

"Ungeniambia," akasema. "Ningempa kisu. Mimi nimezeeka, mikono inauma. Ningempa na kofia yangu avae." Akatingisha kichwa. "Umeniogopa mimi? Mtu mwenye mvi kama wewe?"

Yote niliyoyakimbia kwa wiki nzima hayakuwepo.

Mkwe wangu alirudi amenawa uso. Alisimama mbele yangu, na akaendelea kuniita baba. "Baba, mtu akilishwa bila kujua, dhambi si yake. Kwa hilo mimi sina wasiwasi. Lakini nilikuuliza. Nilikuuliza kama amechinja vizuri."

"Uliniuliza."

"Ungesema hakuna nyama, ningekula ndizi. Kwetu tunakula ndizi."

Binti yangu alikuwa ameshambeba mtoto. Mtoto akauliza kama ng'ombe wake anakwenda nao. Mke wangu aliwasindikiza mpaka kwenye gari, akarudi, akapita mbele yangu na kuanza kugawa chakula, kwa sababu watu bado walikuwepo, na mwenye nyumba hawezi kuwaacha watu na njaa. Nami nikagawa mbege. Nilizunguka na kata, kiti hadi kiti. Waliniambia pole. Mmoja alisema Krismasi ijayo itakuwa nzuri. Kidari kilibaki juu ya jani mpaka kikapoa, na hakuna aliyekigusa, wala kaka.

Zilipita siku kadhaa kabla sijapiga simu. Binti yangu alipokea, safari hii akijua ni mimi.

"Mtoto hajambo," akasema kabla sijauliza. "Baba, mimi leo sina la kusema. Ongea na huyu."

Mumewe akachukua. Akaniamkia, akauliza habari za kaka na za mifugo. Kisha akasema walikuwa wamezungumza, yeye na mke wake, na hawataki mtoto akue bila kujua kwao. Mwakani watakuja.

"Ila tutakuja na chakula chetu, baba, kwenye vyombo vyetu. Usituandalie kitu. Hata chai usiandae."

Kwetu, mgeni anayekuja kwako na chungu chake anakutangaza kwamba wewe si wa kuaminiwa kinywa cha mtu. Watu wanaomletea chakula mwenye nyumba ni wale waliokuja msibani. Kijana huyu wa mjini sidhani kama anayajua hayo, na hata angeyajua, alikuwa na haki ya kuyasema. Nilisema ndiyo kabla hajamaliza. Nilisema ndiyo mara mbili, nikaogopa kwamba mara ya pili hakuisikia.

Sasa imebaki juma moja Krismasi ifike. Mbege haikuchemshwa. Zizi la mbuzi liko tupu. Mke wangu, ambaye alianza tena kuzungumza nami mambo ya ng'ombe na mvua, hakuniuliza nitaalika akina nani. Hawajapiga kusema kama neno lile bado lipo, nami nimeishika simu mara nyingi na kuirudisha mezani. Asubuhi nafagia uani. Jioni upepo unaleta majani ya migomba, nafagia tena. Hakuna kitu kingine nilichoruhusiwa kuwaandalia.